Nani Hasa Aliyeupanda Mlima K2?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, ili nimalize neno nililotaka kulisema katika mdahalo wa muhula uliopita nikazuiwa na kengele. Wasomaji wenzangu watakumbuka kwamba hoja ya siku ile ilikuwa kwamba wapanda milima mashuhuri hawakuleta faida yoyote kwa binadamu. Msemaji mmoja hodari wa darasa letu alimtaja Mwitalia Walter Bonatti. Akasema, "Mtu huyu alipanda milima kwa kiburi, kisha akagombana na wenzake miaka hamsini kwa ajili ya usiku mmoja tu. Je, huyo ndiye mfano wa kufuatwa na vijana wa shule ya misheni?" Watu wakacheka na kupiga makofi. Mimi nilikuwa nimeinua mkono, lakini kengele ya chakula ikalia, na kama mjuavyo, hakuna mdahalo ulioweza kuishinda kengele ile.

Basi jibu langu ni hili. Mimi nasema kwamba Bonatti alifanya mambo mengi ya ushujaa juu ya miamba, lakini jambo lake kubwa kuliko yote alilifanya akiwa chini, mezani kwake, na kalamu mkononi. Alikataa habari ya uongo isiandikwe mahali pa habari ya kweli. Tena nasema kwamba katika habari hiyo hiyo yumo mtu mwingine, mpagazi, ambaye sisi wa nchi hii twapaswa kumfikiri zaidi hata kuliko Bonatti mwenyewe.

Kwanza nieleze mtu huyu alikuwa nani, maana wengi walicheka bila kumjua. Walter Bonatti alizaliwa tarehe 22 Juni 1930 katika mji wa Bergamo, kaskazini ya Italia. Utoto wake ulikuwa wakati wa vita, na vita ilipokwisha nchi yake ilikuwa maskini. Hakuwa mtoto wa tajiri aliyetafuta mchezo wa kupotezea wakati. Alifanya kazi katika kiwanda cha chuma karibu na Milano, na siku yake ya kupanda ilikuwa Jumapili, baada ya zamu ya kazi. Mwaka 1951, akiwa na miaka 21, yeye na mwenzake Luciano Ghigo walipanda ukuta wa mashariki wa Grand Capucin, jabali lililosimama wima katika safu ya Mont Blanc. Upande ule ulikuwa haujapandwa na mtu. Walikaa ukutani siku nne, na usiku walipumzika wakiwa wamefungwa kwa kamba ili wasianguke. Tangu hapo jina lake likaanza kutajwa.

Sasa nije kwenye usiku ule uliotuchekesha. Mlima K2 uko mpakani mwa Pakistani na Uchina. Urefu wake ni mita 8611, nao ni wa pili duniani baada ya Everest. Everest ulikuwa umekwisha kupandwa mwaka 1953 na Edmund Hillary wa New Zealand pamoja na Tenzing Norgay, na mwaka uliofuata Waitalia wakataka K2 uwe wao, ili nchi yao iliyoshindwa vitani ipate kuinua kichwa tena. Mkuu wa msafara alikuwa Profesa Ardito Desio, mtaalamu wa elimu ya miamba. Bonatti alikuwa na miaka 24, na ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wapandaji wote. Wapagazi walikuwa mamia. Wachache kati yao, watu wa bonde la Hunza, walichaguliwa wabebe mizigo mpaka katika kambi za juu kabisa. Mmoja wao aliitwa Amir Mehdi. Huyu hakuwa mgeni wa milima mikubwa, kwani mwaka 1953 alikuwamo katika msafara wa Nanga Parbat, mlima ambao Hermann Buhl wa Austria alifika kilele chake mwaka ule ule.

Mwishoni mwa Julai 1954 watu wawili, Achille Compagnoni na Lino Lacedelli, walichaguliwa wajaribu kilele. Tarehe 30 walitangulia kusimamisha hema la mwisho, ndiyo kambi ya tisa. Lakini hewa ya kule juu ni nyembamba, mtu huvuta pumzi isimtoshe, nao walihitaji mitungi ya oksijeni, na mitungi ilikuwa bado chini. Kazi ya kuipandisha ikamwangukia Bonatti, na Mehdi akakubali kwenda naye. Ilikuwa seti mbili, na kila moja ilikuwa na uzito wa karibu kilo 19. Ninyi mliokwisha kubeba debe la maji kutoka kisimani mpaka jikoni mwajua uzito huo. Basi fikirini debe lile mgongoni, juu ya barafu iliyoinama kama paa la kanisa, mahali ambapo mtu akipiga hatua moja hana budi asimame ahemee.

Jua likizama walifika karibu na mahali palipopatanwa. Hema halikuwapo. Wakaita kwa sauti kubwa, wakapanda kidogo, wakaita tena. Mwishowe taa ikaonekana mbali, kando, ng'ambo ya mteremko wa hatari, na sauti ya Lacedelli ikawaambia waiache mitungi na washuke. Kisha taa ikazimika. Lakini kushuka gizani hakukuwezekana. Mehdi alihangaika sana kwa baridi na hofu, hata Bonatti ilimbidi amzuie asitelemke gizani akafa. Wakachimba mahali padogo pa kukalia katika barafu, wakakaa usiku kucha, karibu mita 8100 juu, bila hema, bila mfuko wa kulalia, bila moto. Dhoruba ya theluji ikawapiga. Kulipopambazuka Mehdi akashuka kwanza. Bonatti akaifukua mitungi iliyofunikwa na theluji, akaiacha ipate kuonekana, kisha naye akashuka.

Siku hiyo hiyo, tarehe 31 Julai, Compagnoni na Lacedelli walishuka kuichukua mitungi, wakaivaa mgongoni, na jioni wakasimama juu ya K2. Italia yote ikashangilia. Bonatti hakupoteza kiungo. Lakini Mehdi, ambaye viatu vyake havikuwa kama vile vya wapandaji wa Kiitalia, miguu yake iliganda, na vidole vyake vikakatwa.

Wenzangu, kama habari ingeishia hapo tungesema ni bahati mbaya ya mlimani. Haikuishia hapo. Katika habari rasmi ya msafara usiku ule ulipewa maneno machache tu. Haikuelezwa vizuri kwa nini hema halikuwa mahali palipopatanwa. Compagnoni na Lacedelli walisema oksijeni iliwaishia kabla hawajafika kileleni. Kisha mwaka 1964, miaka kumi baadaye, gazeti moja la Italia likaandika kwamba Bonatti alitaka kuwawahi wenzake kileleni, kwamba usiku ule aliitumia oksijeni yao, na kwamba alimwacha Mehdi. Yaani mtu aliyebeba mzigo akaitwa mwizi wa mzigo.

Bonatti akaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa nyepesi hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuifahamu: mitungi alikuwa nayo yeye, lakini barakoa za kuvutia hewa walikuwa nazo wale wawili ndani ya hema lao. Mtungi bila barakoa ni chuma tu. Mahakama ikampa haki. Lakini hukumu ya mahakama ni kitu kimoja, na yale watu wanayoyasoma katika vitabu ni kitu kingine. Vitabu vya msafara havikubadilika. Basi akaandika, akaandika tena, na watu wengi wakamwona mtu mwenye kinyongo.

Mwaka 1993 Robert Marshall, daktari wa Australia, alionyesha picha za kilele cha K2 zilizokuwa zimechapwa zamani. Katika picha moja Compagnoni amevaa barakoa yake kileleni. Lacedelli ana barafu ndevuni kwa namna ya mtu aliyevua yake punde tu. Ni nani avaaye barakoa ya mtungi uliokwisha, mahali ambapo hata kupumua bila kizuizi ni shida? Mwaka 2004 Lacedelli, akiwa mzee, alisema katika kitabu chake kwamba Compagnoni alilisimamisha hema mahali pale kwa makusudi, ili Bonatti asiwafikie. Compagnoni mwenyewe alikataa. Yeye alisema alilihamisha kwa kuogopa barafu iliyoning'inia juu ya mahali pa kwanza, na hakubadili neno lake mpaka alipokufa mwaka 2009. Mwaka ule ule wa 2004 Chama cha Wapanda Milima cha Italia kikawapa watu watatu wenye elimu kazi ya kuchunguza, nao wakaona kwamba maneno ya Bonatti ndiyo ya kweli. Hatimaye chama kikalikubali jambo hilo rasmi. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita. Bonatti alipofariki tarehe 13 Septemba 2011, mjini Roma, alikuwa na miaka 81, na jina lake lilikuwa safi.

Sasa nimjibu mwenzangu wa mdahalo. Alisema mambo mawili: kwamba Bonatti alikuwa na kiburi, na kwamba alishindwa kusamehe.

Juu ya kiburi, sikatai kwamba alikuwa mtu mwenye kujiamini. Mwaka 1955, moyo wake ukiwa bado na uchungu wa K2, alikwenda Ufaransa akapanda peke yake nguzo ya kusini-magharibi ya Aiguille du Dru. Alikaa ukutani siku sita, tangu tarehe 17 mpaka 22 Agosti. Siku ya tano akafika mahali ambapo mbele hapapandiki na nyuma hakurudiki. Akafunga mafundo mengi katika ncha ya kamba, akairusha mara nyingi mpaka ikanasa katika vipande vya mwamba juu yake, akajiachia angani juu ya shimo, asijue kama mafundo yatashika. Yakashika. Nguzo ile iliporomoka mwaka 2005 na leo haipo. Na mwezi wa Februari 1965 alipanda peke yake ukuta wa kaskazini wa Matterhorn kwa njia mpya, katikati ya baridi kali, kisha akiwa hajatimiza miaka 35 akaacha upandaji wa namna ile, akawa mwandishi na mpiga picha wa gazeti la Epoca. Nawauliza, mtu wa kiburi huacha akiwa juu? Mwenye kiburi hungoja mpaka wadogo wake wamshinde mbele ya watu.

Tena, yaliyotokea mwaka 1961 yaonyesha moyo wake kwa wenzake. Yeye na Waitalia wawili walikutana na Wafaransa wanne wakitaka kupanda nguzo ya Frêney katika Mont Blanc, wakaungana. Dhoruba ikawashika karibu na mwisho wa njia, ikakaa siku nyingi. Bonatti ndiye aliyewaongoza kushuka katika theluji iliyofika kifuani. Wanne walikufa kwa baridi na uchovu, mmoja wao Andrea Oggioni, rafiki yake mpenzi. Watatu wakaokoka. Huko kwao wako waliomlaumu kwa kuwa yeye alipona. Lakini Pierre Mazeaud, Mfaransa aliyeokoka pamoja naye, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa Baraza la Katiba la nchi yake, alibaki kuwa rafiki yake. Mimi naona ushahidi wa mtu aliyekuwa kwenye kamba moja nawe ni mzito kuliko wa aliyekuwa akinywa kahawa mjini.

Juu ya kusamehe, hapa ndipo watu walipopiga makofi zaidi, maana sisi twafundishwa kusamehe kila siku. Nami nakubali fundisho hilo. Lakini tuliangalie vizuri. Kusamehe ni kumwachia mtu deni lake. Je, mtu awezaje kusamehe deni ambalo mdaiwa asema halipo, tena asema wewe ndiwe unayedaiwa? Tuseme mafuta ya taa yamepotea stoo, jina lako likaandikwa katika kitabu cha adhabu, na wewe hukuyagusa. Waweza kumsamehe aliyekusingizia, ukasali naye na kula naye sahani moja. Lakini jina lako kitabuni litabaki pale pale, na mwalimu atakayekuja baada ya miaka kumi atalisoma, naye hatajua habari za msamaha wako. Kitabu hakisamehewi, kitabu husahihishwa. Bonatti hakudai Compagnoni apigwe wala afungwe. Alidai kitabu kisahihishwe. Kama huko ni kukosa upendo wa Kikristo, basi mimi sijui kweli ina kazi gani katika dini yetu.

Nimemtetea Bonatti kwa nguvu zangu, na sasa sina budi nigeuke nimseme, maana mtu akisifiwa tu husifiwa nusu. Siku ile ya 30 Julai, ili Mehdi akubali kubeba mitungi, alitiwa tumaini kwamba huenda naye akafika kileleni pamoja na wale wawili. Tumaini lile halikuwa na msingi, kwani wa kwenda kileleni walikuwa wamekwisha kuchaguliwa. Bonatti mwenyewe aliandika hivyo, hakuficha, na kwa hilo namheshimu. Hata hivyo tumaini lilikuwa chambo, na Mehdi ndiye aliyeumeza, na vidole vikawa vyake.

Tazameni tena ugomvi ule wa miaka 50. Maswali yalikuwa haya: Nani alitumia oksijeni? Hema lilihamishwa kwa nini? Nani mwongo kati ya Waitalia hawa? Vidole vya Mehdi vilitajwa, lakini vilitajwa kama ushahidi katika kesi ya wengine. Kesi ya Mehdi mwenyewe haikufunguliwa. Bonatti alikuwa na kalamu, na lugha ya nchi yake, na wachapaji, na mahakama ya kwao, na hata hivyo alihitaji nusu karne. Mehdi alirudi bondeni Hunza na miguu isiyo na vidole. Jamaa zake wamesimulia kwamba aliliweka mbali shoka lake la barafu, hakutaka kuliona tena. Alikufa mwaka 1999, miaka mitano kabla ya wale watu watatu wenye elimu kukaa mezani. Mpakistani wa kwanza kusimama juu ya K2 alikuwa Ashraf Aman, mtu wa Hunza vile vile, mwaka 1977. Siwezi kujizuia nisifikiri kwamba kama watu wangetimiza neno lao usiku ule, huenda Hunza isingengoja miaka 23.

Wazee wetu wa Kiswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama humwona mchukuzi akienda, naye hudhani ni mwepesi.

Labda mtauliza: Pakistani ni mbali, Italia ni mbali, yatuhusu nini? Yatuhusu kuliko mnavyodhani. Ukingo wa mlima ambao Waitalia walipandia K2 mwaka 1954 waitwa kwa jina la Duke wa Abruzzi, Luigi wa Savoia, aliyeujaribu mwaka 1909. Mtu huyo huyo, miaka mitatu kabla yake, alikuja hapa kwetu Uganda. Tarehe 18 Juni 1906 alisimama juu ya kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, mita 5109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Cha jirani yake akakiita Alexandra, kwa heshima ya malkia wa Uingereza. Wakonzo ndio waliombebea mizigo katika matope na mvua mpaka chini ya jabali la Bujongolo, mahali pa kambi yake. Hesabuni vilele vya milima ile katika ramani yetu ya darasani: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, Luigi di Savoia. Hakuna kilele chenye jina la mpagazi. Malkia wawili wana vilele vyao kule, nao hawakupanda hata hatua moja.

Mimi nina sababu ya kuliona jambo hili. Mjomba wangu ni mchukuzi wa mizigo ya wageni katika milima ile ile. Amekwisha kufika kwenye barafu mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Mama yangu amehifadhi karatasi moja iliyokatwa katika kitabu cha mgeni fulani. Ni picha ya mtu mwenye mzigo mkubwa, amegeuza mgongo, anavuka mto juu ya gogo. Ni mjomba. Mama alimjua kwa namna anavyoinamisha bega la kushoto. Chini ya picha limeandikwa neno moja tu, ambalo maana yake ni "mpagazi." Nilipomwuliza kama halimchukizi, alicheka akasema, "Mwanangu, mgeni alinilipa haki yangu." Ni kweli alilipwa. Lakini mimi sikucheka. Jina la mjomba lina herufi saba tu, zingeenea pale bila shida.

Basi, Bwana Mhariri, nirudi kwenye hoja ya mdahalo. Waliouliza wapanda milima wana faida gani, siwaambii kwamba kilele cha K2 kilimlisha mtu. Hakikumlisha. Faida ya Bonatti ni kwamba ametuonyesha mambo mawili. La kwanza, kwamba habari iliyoandikwa vibaya yaweza kusahihishwa kama mtu hachoki. La pili amelionyesha pengine bila kukusudia: kwamba kuna watu ambao habari zao hazitasahihishwa kamwe, kwa sababu hawashiki kalamu, isipokuwa wenye kalamu wawakumbuke.

Na wenye kalamu ni sisi. Mwaka ujao wengi wetu wa kidato cha sita tutakuwa tumetawanyika. Wengine watakuwa walimu, wengine makarani, wengine waandishi wa magazeti, na kila mmoja wetu ataandika taarifa: nani alijenga, nani alifika, nani alishinda. Hapo ndipo kila mmoja atakuwa Profesa Desio mdogo, na hema litahamishwa au halitahamishwa kwa kalamu yake.

Natoa shauri dogo la kuanzia nyumbani. Tangi letu la maji lilipofunguliwa liliwekwa jiwe lenye majina ya wageni wa heshima, nasi tuliimba vizuri siku ile. Mawe ya tangi hilo yaliletwa mabegani na wazazi wa vijiji vya jirani na wanafunzi wa vidato vya chini, Jumamosi tisa mfululizo, na fundi aliyeyapanga alifanya kazi mpaka akaumia mkono. Sisemi jiwe la wageni liondolewe. Wageni walitoa fedha, nasi twashukuru. Nasema gazeti hili lichape majina ya waliobeba, hata yakijaa ukurasa mzima wenye herufi ndogo. Nimeanza kuyaandika katika daftari, na mpaka leo nimepata majina 64. Aliyekuwapo asiyejiona katika orodha na aje anione bwenini kabla ya mitihani, kwani mimi naondoka mwisho wa mwaka, na nisingependa kuondoka na daftari lenye upungufu.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita